Picha ya Mgonjwa Katika Simu ya Daktari: Nani Afunguliwe Mlango wa Mifumo ya Hospitali?

Saa nane za usiku, daktari wa zamu katika hospitali ya wilaya amempokea kijana aliyeanguka na pikipiki. Picha ya eksirei ipo tayari, lakini bingwa wa mifupa yuko hospitali ya rufaa, mwendo wa saa nne kwa gari. Daktari anaiinua filamu mbele ya taa, anaipiga picha kwa simu yake mwenyewe na kuituma. Baada ya dakika kumi jibu limerudi: mguu ufungwe banzi, mgonjwa asafirishwe alfajiri. Hakuna atakayemlaumu daktari huyo kwa kumsaidia mgonjwa wake. Swali linalobaki ni jingine: picha ile, yenye jina la kijana, umri wake na namba ya faili pembeni, sasa iko wapi?

Iko mahali pengi kuliko daktari anavyodhani. Kwanza imo katika hifadhi ya picha za simu yake, kati ya picha za harusi ya shemeji na za watoto. Pili, ikiwa simu hiyo imewekwa kutunza nakala rudufu, picha imekwisha kupanda katika akaunti yake binafsi ya wingu. Neno hili lisimtishe msomaji. Wingu ni kompyuta kubwa za kampuni fulani, mara nyingi zilizo nje ya nchi, zinazotunza data za watu na kuwapatia popote walipo kupitia intaneti. Tatu, imo katika simu ya bingwa, ambako programu ya ujumbe inaweza kuihifadhi yenyewe katika picha zake bila kumwuliza, na kutoka huko ikapanda katika wingu lake pia. Iwapo akaunti ya mmoja wao imeunganishwa na kishikwambi cha nyumbani, mtoto anayetafuta katuni anaweza kukutana na mguu uliovunjika na jina la mwenye mguu.

Wahudumu wengi hujitetea kwamba WhatsApp husimba ujumbe kwa njia fiche kutoka kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji. Ni kweli, na imekuwa hivyo kwa watumiaji wote tangu mwaka 2016. Lakini usimbaji huo hulinda ujumbe ukiwa njiani. Haulindi picha iliyokwisha kufika na kutua katika simu, na nakala rudufu ya mazungumzo inayopelekwa katika wingu haifungwi kwa namna hiyohiyo mpaka mtumiaji mwenyewe achague, hiari iliyoanza kutolewa mwaka 2021. Barua iliyofungwa kwa lakiri haina siri tena ikishasomwa na kuachwa mezani.

Jambo hili si la hospitali maskini tu. Huko Scotland, watumishi 26 wa NHS Lanarkshire walikuwa na kundi la WhatsApp ambamo, kati ya Aprili 2020 na Aprili 2022, taarifa za wagonjwa ziliwekwa zaidi ya mara 500: majina, namba za simu, anwani, na hata picha na video. Taasisi haikuwa imeidhinisha matumizi hayo wala haikuwa na habari nayo. Siku moja mtu asiye mtumishi aliongezwa katika kundi kwa makosa, akaweza kuona yasiyomhusu. Mwaka 2023 Kamishna wa Habari wa Uingereza aliipa taasisi hiyo karipio rasmi. Inafaa kuangalia chanzo cha mkasa huo: watumishi walikuwa na kazi ya kufanya wakati wa janga la UVIKO-19, wakachukua chombo kilichokuwa karibu nao. Ndivyo inavyotokea karibu kila mahali.

Kwa hiyo amri ya kupiga marufuku simu binafsi wodini haitoshi, na pengine hudhuru. Hospitali inayokataza simu bila kutoa njia nyingine ya kumfikia bingwa usiku haijaondoa tatizo. Imelihamishia mahali ambapo hakuna anayeliona. Njia yenye manufaa ni kudhibiti mlango wa mifumo yenyewe.

Mifumo mingi ya afya sasa hufunguliwa kupitia intaneti. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika Tanzania na nchi nyingi nyingine, hufunguliwa kwa kivinjari cha kawaida. Vivyo hivyo barua pepe za kazi, ratiba za zamu na, katika hospitali nyingine, mafaili ya wagonjwa. Uzuri wake ni kwamba mtumishi hufanya kazi popote alipo. Hatari yake ni kwamba popote hapo hujumuisha simu ambayo kitengo cha TEHAMA hakijapata kuiona. Simu ya namna hiyo ndiyo huitwa kifaa kisichosimamiwa: haijulikani kama ina kufuli, kama mfumo endeshi wake umehuishwa, kama imewekwa programu kutoka vyanzo visivyoaminika, wala kama mwenyewe huiazima kwa jirani.

Zamani mlango uliuliza swali moja tu: nenosiri ni lipi? Mfumo uliopangwa vizuri huuliza matatu. Anayebisha ni nani? Anatumia kifaa gani? Anataka kufanya nini? Majibu ya maswali hayo kwa pamoja ndiyo yanayoamua mlango ufunguke kiasi gani. Muuguzi akiingia kwa kompyuta ya wodi iliyosajiliwa, anasoma na kuandika kama kawaida. Muuguzi huyohuyo akiingia kwa simu yake nyumbani, anaweza kuruhusiwa kusoma kupitia kivinjari tu, bila kupakua faili wala kulichapisha, na kikao kikafungwa akikaa kimya kwa dakika kadhaa. Simu ambayo ulinzi wake wa kiwandani umevunjwa haifunguliwi kabisa. Hapo hakuna anayemshuku muuguzi. Hali ya kifaa ndiyo inayopimwa.

Swali la kwanza nalo lina udhaifu wake. Nenosiri lililobandikwa kwa plasta juu ya kompyuta, likitumiwa na watu watano wa zamu tatu, halimtambulishi yeyote. Uthibitishaji wa hatua mbili husaidia sana, lakini namba za siri zinazotumwa kwa SMS zinaweza kuangukia mikononi mwa tapeli aliyeisajili upya laini ya mtumishi. Programu maalumu ya kuzalisha namba hizo ndani ya simu ni salama zaidi. Na mtumishi anapohamishwa, kustaafu au kuacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo. Hili halihitaji teknolojia yoyote, ila ofisi ya utumishi na kitengo cha TEHAMA kuzungumza.

Kwa wale ambao kazi yao haiwezekani bila simu, ipo njia ya kutenga chumba cha kazi ndani ya simu binafsi. Programu za hospitali hukaa humo, zina kufuli lake, na kilichomo hakinakiliki kwenda katika programu za nje. Kama hospitali ina programu yenye kamera ya ndani, picha ya kidonda au ya eksirei hupigwa humo na kwenda moja kwa moja katika faili la mgonjwa, haipiti katika hifadhi ya picha za simu. Daktari wetu wa saa nane za usiku angepata jibu lake kwa dakika zilezile kumi.

Hapa wahudumu huingiwa na hofu, nayo ni hofu halali: je, mwajiri atasoma ujumbe wangu? Simu ikipotea, atafuta na picha za marehemu mama? Chumba cha kazi kikiwekwa ipasavyo, mwajiri haoni kilicho nje yake, na hufuta cha ndani tu. Lakini ziko mbinu nyingine zinazomkabidhi mwajiri simu nzima, hata kuweza kuifuta yote. Mbinu hizo zinafaa kwa simu zilizonunuliwa na hospitali; kumtaka mtumishi azikubali katika simu aliyoinunua kwa mshahara wake ni kuvuka mpaka. Makubaliano yaandikwe, yaseme hospitali inaona nini na haioni nini, na yaseme pia nani analipia bando. Hakuna mfumo, hata hivyo, unaoweza kumzuia mtu kupiga picha kioo cha kompyuta kwa simu ya pili.

Sheria imekwisha kutangulia. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ilitunga ya kwake mwaka 2019. Zote huziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na zote zina masharti juu ya kupeleka taarifa nje ya mipaka ya nchi. Daktari ambaye simu yake inapandisha picha wingu usiku kucha hajui kwamba suala hilo linamgusa.

Mgonjwa naye ana nafasi yake. Anayo haki ya kuuliza, “Daktari, picha hii inakwenda wapi, na itafutwa lini?” Mhudumu hana sababu ya kukasirika. Aeleze ni nani ataiona na kwa nini, afunike uso, jina na alama za mwilini pale zisipohitajika kwa uchunguzi, kisha aombe ridhaa. Mgonjwa anayetuma majibu yake ya maabara katika simu binafsi ya muuguzi anayemfahamu ajue pia kwamba majibu hayo yatabaki humo hata baada ya muuguzi kuhamia mkoa mwingine.

Simu ikiibiwa katika daladala, dakika za mwanzo ndizo zenye thamani. Mtumishi apige kwanza kitengo cha TEHAMA ili akaunti zake zifungwe na chumba cha kazi kifutwe kwa mbali, kisha kampuni ya simu ili laini ifungwe, halafu aende polisi. Namba ya kitengo hicho iandikwe ukutani katika kila wodi, kwa kuwa aliyeibiwa simu hana tena mahali alipoihifadhi. Na anayetoa taarifa apokewe kama aliyetoa taarifa ya mgonjwa aliyezidiwa, bila karipio, la sivyo wa pili atanyamaza hadi Jumatatu.