Lancaster House: Jumba la Ardhi za Watu

Mara ngapi tumepita The Mall bila kugeuka? Jumamosi iliyopita tuligeuka. Karibu na Green Park, ubavuni mwa Kasri la St James's, limesimama jumba kubwa la mawe kutoka Bath. Sasa ni mali ya serikali, kwa hiyo tulilitazama kutoka nje tu. Lakini kwa Wakenya miongoni mwetu jina lake ni la darasani tangu utotoni: Lancaster House.

Ujenzi ulianza 1825 kwa ajili ya Duke wa York, mdogo wake Mfalme George IV. Msanifu wa kwanza, Robert Smirke, aliondolewa, kazi akapewa Benjamin Dean Wyatt. Mwaka 1827 Duke akafariki, nyumba haijaisha na madeni yamemfika shingoni. Akaichukua Lord Stafford, aliyekuja kuwa Duke wa kwanza wa Sutherland. Naye alifariki 1833. Mwanawe ndiye aliyeikamilisha: Smirke alirudishwa kuongeza ghorofa ya juu, na Charles Barry akashughulikia mapambo ya ndani. Husimuliwa kwamba Malkia Victoria alimwambia mwenyeji wake kuwa ametoka nyumbani kwake kuja kwenye kasri.

Fedha zilitoka wapi? Kwenye mfereji wa kusafirishia mizigo, na kwenye ardhi. Huko Sutherland, kaskazini mwa Uskoti, familia hiyohiyo iliwahamisha maelfu ya wakulima ili kupisha kondoo.

Mwaka 1912 tajiri wa sabuni, William Lever, alilinunua, akalipa jina la jimbo lake, Lancashire, kisha akalitoa kwa taifa. Ndivyo serikali ilivyopata ukumbi wa mikutano.

Mwaka 1960, 1962 na 1963 wajumbe wa Kenya walikutana humo kujadili katiba. Mzee Kenyatta, aliyekuwa kizuizini wakati wa mkutano wa kwanza, alihudhuria wa pili. Fundo gumu lilikuwa mashamba ya walowezi. Uhuru ulipatikana 12 Desemba 1963, lakini hatimiliki zao zililindwa. Mashamba mengi yalinunuliwa kwa mikopo, na wakulima waliopewa viwanja wakatakiwa kuilipa.

Jumba lililonawirishwa na ardhi ya waliofukuzwa Uskoti ndilo lililoamua hatima ya ardhi ya walionyang'anywa Kenya. Ukipita The Mall tena, ndugu msomaji, geuka ulitazame.