Je, Wajua? Binti Mfalme Aliyetambuliwa kwa Meno

Karibu mwaka 929, Mfalme Æthelstan wa Uingereza aliwapeleka dada zake wawili Saxony, katika Ujerumani ya leo, ili Otto, mwana wa mfalme wa huko, ajichagulie mke. Otto akamchagua Eadgyth, mjukuu wa Alfred, yule mfalme aliyewazuia Waviking wasiimeze Wessex.

Je, wajua kwamba mahari yake ilikuwa Magdeburg, kando ya Mto Elbe? Huko ndiko alikozikwa alipofariki Januari 946, umri ukiwa miaka thelathini na kitu, akiacha watoto wawili, Liudolf na Liutgarde. Alikuwa malkia kwa takriban miaka 10 tu. Otto alipotawazwa kaizari mwaka 962, Eadgyth hakuwapo kuiona siku hiyo.

Mwaka 2008 wataalamu walifungua kaburi lake katika kanisa kuu la Magdeburg. Wengi walidhani ni tupu. Ndani mlikuwa na sanduku la madini ya risasi, na ndani ya sanduku, mifupa iliyoviringishwa kwa hariri. Maandishi yalimtaja Eadgyth, lakini mabaki hayo yalikuwa yamehamishwa zaidi ya mara moja, na maandishi peke yake hayatoshi.

Meno ndiyo yaliyotoa ushahidi. Enameli ya jino hujengeka utotoni, ikibeba strontiamu na oksijeni kutoka kwenye chakula na maji ya mahali mtoto anapokulia, kisha haibadiliki tena. Vipimo vilivyofanywa Bristol vilionyesha kwamba mwenye meno hayo alikulia kusini mwa Uingereza, kwenye miamba ya chaki, tena akihamahama hadi miaka kama tisa. Mifupa nayo ilieleza kwamba alikula samaki kwa wingi na alizoea kupanda farasi. Kwangu mimi huu ni ushahidi mzito kuliko sifa zote walizomwandikia watawa. Alizikwa upya mwaka 2010.

Na yule dada ambaye hakuchaguliwa? Aliozwa kwa mtawala mmoja karibu na milima ya Alps. Inasikitisha kwamba kabla karne ile haijaisha, ndugu zake walikuwa wameshampoteza. Æthelweard, bwana mkubwa wa ukoo wa kifalme, alimwandikia Matilda, mjukuu wa Eadgyth aliyeongoza watawa wa Essen, akimwomba amtafutie habari za ndugu yao huyo aliyepotea. Vitabu vya kale havikubaliani hata juu ya jina lake.