Mtoto Aliyezaliwa Kabla ya Miezi Yake

Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Qur'ani Tukufu kuwa muda wa mimba na kunyonyesha ni miezi 30, na mahali pengine kuwa kunyonyesha ni miaka miwili. Wanazuoni wakatoa hii katika ile, wakahukumu kuwa uchache wa mimba ni miezi 6. Basi mtoto wa miezi sita au saba, akizaliwa hai, ana nasaba, ana urithi, na ana haki ya kutibiwa. Kumfunika nguo na kungoja afe si tawakali, bali ni uzembe, kwani Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu.

Mtoto awapo tumboni mapafu yake hayafanyi kazi; oksijeni huipata kwa mama. Kwa hiyo Muumba ameweka mfereji mdogo karibu na moyo, upitishao damu pasipo kwenda mapafuni. Mtoto aliyetimia akizaliwa, mfereji hufunga kwa siku chache. Wa njiti mara nyingi hubaki wazi, damu ikafurika mapafuni, na ubongo ukapungukiwa. Mkulima wa zabibu wa Dodoma analijua jambo hili: mfereji ukitoboka juu, miche ya chini hukauka.

Mwaka 1938, huko Boston, Marekani, Dakta Robert Gross aliufunga mfereji huo kwa upasuaji. Mwaka 1976 ikatangazwa kuwa dawa ya indomethasini huufunga bila kisu. Baadaye zikafuata ibuprofeni na parasetamoli. Lakini indomethasini hubana pia mishipa ya ubongo kwa muda. Ibuprofeni haibani kiasi hicho. Ndiyo maana katika hospitali zenye vifaa hubandikwa pajini kipimo cha mwanga usioonekana, kionyeshacho oksijeni iliyomo ubongoni. Tena mifereji mingi hujifunga yenyewe. Basi mzazi akiambiwa na daktari "tungoje," asidhani mwanawe ametupwa. Wala asithubutu kumpa dawa hizo nyumbani.

Dodoma iko Hospitali ya Benjamin Mkapa, na Dar es Salaam iko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Lakini Kondoa hadi Dodoma ni kilomita zipatazo 160, na baridi ya usiku wa Juni na Julai ni kali. Mtoto aliyepoa huhitaji oksijeni zaidi. Basi avishwe kofia na nepi tu, alazwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe khanga na blanketi, safari nzima. Mama akiwa dhaifu, baba ambebe. Njia hii ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Na uchunguzi wa nchi tano, Tanzania mojawapo, uliotangazwa 2021, ulionyesha kuwa kuianza mara tu mtoto azaliwapo hupunguza vifo kwa robo.

Enyi wazazi, mwadhinieni mtoto, mwombeeni, kisha mpelekeni hospitali siku ile ile. Uhai uko mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Juhudi ametuachia sisi, na juu yake tutaulizwa.