Vidonge vya Maumivu na Mwenye Shinikizo la Damu

Kazi za pwani yetu huchosha mwili. Mvuvi akokotaye nyavu, mkulima wa Fukayosi na mama akaangaye samaki tangu alfajiri, wote hulalamikia mgongo na magoti. Wengi hupita duka la dawa, wakanunua vidonge vya diklofenaki au ibuprofeni, na kesho yake wakarudi kazini. Kwa mwenye afya njema, kuvitumia siku chache kwa kawaida hakuleti madhara makubwa. Kwa mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo, jambo ni jingine.

Dawa hizi hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali za mwili zinazoleta uvimbe. Lakini kemikali hizo hizo huzisaidia figo kutoa chumvi na maji. Zikizuiwa, chumvi na maji hubaki mwilini, shinikizo hupanda, na moyo hulazimika kufanya kazi zaidi. Tena, vidonge hivi hudhoofisha baadhi ya dawa za presha, hata mgonjwa akawa anameza dawa yake kila siku na presha isishuke.

Hatari hii imethibitika. Mwaka 2004 kampuni ya Merck iliondoa sokoni rofekoksibu, dawa ya jamii hii, kwa kuwa iliongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwaka 2013 Wakala wa Dawa wa Ulaya ulielekeza kuwa diklofenaki isitumiwe na wenye ugonjwa wa moyo, wala waliowahi kupata kiharusi.

Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili, hivyo mtu huweza kuwa nalo asijue. Ndugu mwananchi, pima presha katika zahanati au kituo cha afya; ikionekana kufikia 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, mwone daktari. Ununuapo dawa ya maumivu, mweleze mtoa dawa maradhi uliyonayo na dawa zote unazotumia. Mara nyingi parasetamoli hushauriwa kwanza, nayo mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku. Usiache dawa ya presha, wala aspirini uliyoandikiwa, bila ushauri wa daktari.

Ukitumia vidonge vya maumivu na miguu ikavimba, acha kuvimeza na uende kituo cha afya. Kifua kikibana au pumzi ikikatika, fika Hospitali ya Wilaya bila kuchelewa.