Koo Linauma na Sauti Inakatika: Huenda Chanzo Kiko Tumboni

Wengi wenu mnanijua kwa sauti kuliko kwa uso. Ni mimi ninayepita na kipaza sauti asubuhi kutangaza siku ya mgao, siku ya chanjo na mikutano ya viongozi wa vitongoji. Mtakumbuka kuna kipindi cha miezi kama mitatu ambapo mwenzangu ndiye aliyekuwa akisoma matangazo. Wengine walisema nimeacha kazi. Wengine walisema nimerogwa na mtu anayeitaka kazi hiyo. Ukweli ni kwamba sauti ilikuwa imekatika, na koo lilikuwa linauma kila siku. Baadaye nilielezwa kwamba chanzo hakikuwa kooni kabisa. Kilikuwa tumboni.

Ninaandika habari hii kwa sababu nimekutana na watu wengi hapa wenye shida kama yangu: mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama wawili wa kwaya, na mzee mmoja anayeadhini. Wote wametumia fedha nyingi kununua vidonge vya rangi mbili, na wote hawajapona.

Ugonjwa wenyewe ni huu

Chakula tukimeza hupita katika mrija unaoitwa umio hadi kwenye mfuko wa chakula. Ndani ya mfuko huo mwili hutengeneza asidi kali, yaani tindikali, ya kusaga chakula na kuua vijidudu. Mfuko wenyewe hauungui kwa sababu umepakwa ute mzito ndani. Pale umio unapoungana na mfuko pana nyama ya mviringo inayobana kama mdomo wa gunia lililofungwa kamba. Chakula kikija hufunguka, kikishapita hufunga.

Kwa watu wengine kamba hiyo hulegea. Mfuko ukijaa sana, au mtu akilala kabla chakula hakijashuka, asidi hurudi juu. Ikifika kifuani mtu husikia moto, na hicho ndicho kiungulia tunachokijua. Lakini kuna asidi inayopanda zaidi mpaka kooni, hasa usiku mtu akiwa amelala. Koo na kikoromeo, mahali palipo nyuzi za sauti, havina ute mzito kama wa tumbo. Asidi kidogo tu inatosha kupachubua. Na pamoja na asidi hupanda kimeng'enya cha tumbo kinachosaga nyama, nacho hakijui kutofautisha nyama ya mbuzi na nyama ya koo lako.

Jambo linalowapoteza watu ni kwamba wengi wenye shida hii ya koo hawasikii kiungulia hata kidogo. Mimi sikusikia. Dalili zangu zilikuwa hizi: kuamka asubuhi sauti imekwaruza, kujikohoza mara kwa mara kana kwamba kuna makohozi, na kuhisi kama kitu kimekwama kooni ingawa chakula kinapita. Mdomoni asubuhi kulikuwa na uchungu. Kufikia mchana sauti inarudi kidogo, halafu jioni inapotea tena.

Jinja, kisha Mbale

Kabla sijahamia hapa kambini niliishi Jinja. Kama mnavyojua, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kutembea na kufanya kazi, nami nilikuwa nauza nguo za mitumba. Kazi ile ni ya mdomo. Unapiga kelele tangu asubuhi, huli mchana kwa sababu wateja ndio wanakuja, halafu saa 4 usiku unanunua roleksi mbili, yaani chapati iliyoviringishwa mayai, unakunywa chai ya moto, unalala. Niliishi hivyo karibu mwaka mzima. Sauti ilipoanza kukwaruza nilidhani ni kelele za soko na vumbi. Nilinunua dawa ya kikohozi kwenye duka la dawa. Ilipoisha nikanunua nyingine.

Nilipohamia Mbale kwa baba mdogo, ikawa Agosti 2022, mwaka wa Imbalu. Kwa desturi ya Wagisu, tohara ya vijana hufanyika katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na hufunguliwa mwezi wa Agosti uwanja wa Mutoto karibu na mji. Watu huimba na kucheza barabarani siku nyingi. Nami niliimba, ingawa si desturi ya kwetu. Basi sauti ilipokatika kabisa kila mtu alicheka akasema ni Imbalu. Wenzangu walioimba pamoja nami walipona katika siku tano. Mimi wiki ya sita nilikuwa bado naandika kwenye karatasi.

Hapo ndipo mzee mmoja jirani, mtu mwema sana, aliponishauri nikatwe kimeo. Alisema kimeo kimerefuka na kinagusa koo. Wazee wangu mtanisamehe kwa ninayoyasema, maana najua desturi hii iko katika makabila mengi ya kwetu na ya hapa. Kukata kimeo hakuzuii asidi kupanda. Na kidonda kile kinaweza kutoka damu nyingi kupita kiasi, kikaoza, kikaleta pepopunda, na wembe uliotumika kwa mtu mwingine unaweza kuleta virusi vya UKIMWI. Watoto wamekufa kwa jambo hili. Mtoto mwenye kikohozi kisichoisha apelekwe zahanati.

Mimi nilikwenda hospitali ya rufaa ya Mbale. Daktari wa koo alinivuta ulimi kwa kitambaa, akaingiza kioo kidogo chenye mpini, akaangalia chini. Nilitaka kutapika lakini haikuuma. Njia hii ni ya zamani. Mwaka 1854 mwalimu wa kuimba, Mhispania Manuel García, aliangalia nyuzi zake mwenyewe kwa kioo cha daktari wa meno na mwanga wa jua, na hata leo kioo cha namna hiyo kinatumika mahali pasipo na kamera. Daktari aliniambia sehemu ya nyuma ya kikoromeo ni nyekundu na imevimba. Hakuniuliza kwanza kuhusu koo. Aliniuliza: "Unakula saa ngapi usiku?"

Yanayosaidia, kwa maisha yetu ya hapa

Niliambiwa nile kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na nisilale mpaka yapite masaa 3 baada ya kula. Ukisoma maneno haya ukiwa kambini unaweza kucheka. Wengi wetu tunapika mara moja, jioni, kwa sababu posho ni chache na kuni ni chache. Na mtu anayekula mara moja hujaza tumbo ili apate usingizi. Nalijua hilo, nami nimelala hivyo.

Lakini chakula kile kile kinaweza kusogezwa. Nyumbani kwetu tulianza kupika saa 9 alasiri badala ya saa 2 usiku. Tunakula nusu saa 10, nusu nyingine saa 12 jioni, na tunalala saa 3 au saa 4. Kuni ni zile zile. Shida ni kwamba watoto husikia njaa kabla ya kulala, hivyo wao huwekewa uji kidogo. Kwa watoto wenye afya haina neno. Kwa mtu mzima mwenye ugonjwa huu, kubadilisha saa ya kula ni dawa kubwa kuliko dawa nyingi za dukani.

Jambo la pili ni kulala kichwa kikiwa juu. Kama una kitanda, weka matofali chini ya miguu ya upande wa kichwa, kimo cha sentimita 15 hadi 20. Kama unalala kwenye mkeka, tengeneza mteremko wa udongo uliopondwa kuanzia kiunoni hadi kichwani, au tumia gunia la mchanga, halafu tandika juu yake. Kuongeza mito peke yake hakufai, maana hukunja tumbo na kulibana. Ukiweza, lala ubavu wa kushoto. Kwa jinsi tumbo lilivyokaa, asidi hubaki chini zaidi ukilala upande huo.

Akina mama, kitenge kisifungwe kwa nguvu tumboni mara baada ya kula, na kuinama kufua au kupalilia kungoje kidogo. Pombe hulegeza ile nyama ya mviringo, iwe malwa ya kunyonywa kwa mrija au waragi, na waragi huunguza koo moja kwa moja pia. Sigara vivyo hivyo. Vyakula vinavyochochea vinatofautiana kwa watu. Wengine huumizwa na pilipili, wengine nyanya, limau, soda, kahawa, au vitu vya kukaangwa kwa mafuta mengi kama mandazi na chapati. Usiache vyote kwa mara moja, tutakufa njaa. Acha kimoja wiki mbili, uone. Mimi roleksi za usiku ndizo zilizokuwa adui. Kahawa ya mlima Elgon nakunywa asubuhi bila shida.

Chai ya moto sana usinywe, hata kama koo linaonekana kutulia. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba vinywaji vyenye joto kupita nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio, na saratani hiyo ni nyingi katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Acha ipoe.

Kuhusu sauti yenyewe: pumzika, lakini usinong'one. Kunong'ona kwa nguvu huzichosha nyuzi kuliko kusema polepole kwa sauti ya chini. Ukitaka kujikohoza, meza mate au kunywa maji funda moja. Walimu, tumieni kengele au kupiga makofi badala ya kupaza sauti. Kwaya zisifanye mazoezi mara baada ya kula. Na kama jiko lenu linajaza moshi ndani, moshi huo nao unaharibu koo, msiusahau mkalaumu tumbo peke yake.

Dawa

Zahanati inaweza kukupa omeprazole. Dawa hii hupunguza asidi inayotengenezwa, nayo imezwe nzima nusu saa kabla ya chakula. Wengi huimeza baada ya kula, kisha husema haifai. Kwa upande mwingine tusiitegemee kupita kiasi. Mwaka 2021 madaktari wa Uingereza walitoa matokeo ya utafiti wa watu 346 wenye shida ya koo ya muda mrefu. Nusu walipewa dawa ya jamii hii na nusu vidonge visivyo na dawa, kwa wiki 16. Makundi yote mawili yalipata nafuu karibu sawa. Kwa hiyo kama huna kiungulia na dawa haikusaidii baada ya muda uliopangiwa na mganga, usiendelee kununua peke yako miaka na miaka. Rudi ukaangaliwe tena.

Vidonge vya magnesiamu vya kutafuna hutuliza kwa muda mfupi. Walio kwenye dawa za VVU zenye dolutegravir wasivichanganye: dolutegravir imezwe masaa 2 kabla ya magnesiamu au masaa 6 baada yake, la sivyo dawa ya VVU haifanyi kazi vizuri. Mwambie mganga dawa zote unazotumia kabla hajakuandikia nyingine, na mama mjamzito aseme kwamba ni mjamzito.

Wengine hunywa magadi au soda ya kuokea kwenye maji. Inatuliza, lakini ina chumvi nyingi na ni hatari kwa wenye shinikizo la damu. Diclofenac, ibuprofen na aspirini huumiza tumbo. Doxycycline ukiimeza bila maji ya kutosha kisha ukalala, inaweza kukwama na kuunguza umio. Imeze ukiwa umekaa, kwa kikombe kizima. Na vile vidonge vya rangi mbili vinaua bakteria. Asidi si bakteria.

Usikae nyumbani ukiona haya

Nimesema sana juu ya asidi, lakini si kila koo linalouma ni asidi. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, lazima koo litazamwe na mtu mwenye kioo au kamera, hata kama unaamini ni tumbo. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku na kukonda ni dalili za kifua kikuu, ambacho kinaweza kushika hata kikoromeo. Kipimo na dawa zake ni bure. Chakula kikianza kukwama, ukatapika damu, ukapata choo cheusi kama lami au uvimbe shingoni, usingoje mgao upite. Pumzi ikitoa mlio wa filimbi kooni, au maumivu ya kifua yakienda mkononi pamoja na jasho, amka usiku huo huo uite wahudumu.

Anzia kituo cha afya cha hapa ili upewe barua ya rufaa. Walio na kazi au ndugu Jinja na Mbale wanaweza kwenda hospitali za rufaa za serikali za huko. Ada katika hospitali za serikali ziliondolewa mwaka 2001, isipokuwa upande wa wodi za kulipia, na mkimbizi hutibiwa kama raia. Chukua kitambulisho chako cha mkimbizi, barua, na vidonge vyote unavyotumia ndani ya mfuko, hata vile ulivyonunua dukani kwa siri. Andika kwenye karatasi sauti ilianza lini na unakula saa ngapi. Kama huwezi kuandika, au sauti haitoki, njoo kwenye kibanda cha habari siku yoyote baada ya mgao nikuandikie.