Mtoto, Popo na Inkishafi

Mpeleke mtoto wa mjini akayaone magofu ya Mnarani, upande wa kusini wa hori la Kilifi, nawe utaona kwamba hatazami misikiti wala makaburi. Macho yake huishia kwenye mibuyu. Atataka kujua kama ni kweli Mungu aliupanda mti huo kichwa chini, na mabuyu ya kumung'unya hutoka wapi. Akiona ndege au popo katika tundu la ukuta, basi, ziara imekwisha hapo! Mwache. Habari kwamba mji huo ulistawi tangu karne ya 14 na ukahamwa katika karne ya 17, au kwamba James Kirkman aliufukua miaka ya 1950, zitamfikia siku yake.

Siku hiyo huja darasani, mwalimu anapofungua Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate. Humo nako mna magofu, ya majumba ya matajiri. Madaka yaliyopangwa vyombo vya kauri yamegeuka viota vya makinda, na vyumbani wananing'inia popo. Viumbe ni walewale waliomfurahisha mtoto kule Mnarani. Aliyebadilika ni mtazamaji: sasa anajua kwamba kinda halingelala pale kama mwenye nyumba angalikuwa hai.

Ndiyo maana nagombana na masomo ya ushairi yanayokomea kwenye vina na mizani. Mwanafunzi aliyemjua popo kitabuni tu atapata alama zake, lakini hatashtuka. Naye mshairi alitaka tushtuke. Hata nondo anayejitupa kwenye taa amemtumia kueleza mtu anayeirukia dunia. Sijui ni wangapi mjini wamemwona akiungua, maana taa za umeme hazina ndimi za moto.

Mnazi nao ulipatwa na mambo hayo hayo mikononi mwa Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Alikuwa kifungoni, kati ya 1969 na 1972, alipotunga mashairi ya Sauti ya Dhiki, kitabu kilichotoka 1973. Mojawapo ni "Mnazi: Vuta N'kuvute". Mti wa madafu na makuti, mti wa kukwea, unagombaniwa na ndugu wawili. Lisome jioni moja pamoja na mwanao. Huenda swali lake la kwanza likawa: kwani hawangeweza kugawana?