Urefu Mmoja, Upevu Tofauti

Katika meza za wauza samaki wa Kariakoo, kibua na nguru mchanga huweza kulingana urefu. Wawili hao ni jamaa wa ukoo wa jodari, na wote huvuliwa katika maji ya pwani ya Tanzania. Hata hivyo, yafaa ieleweke kwamba makuzi yao hayafanani.

Kibua mwenye sentimita 25 amekwisha kupevuka, na ni nadra kuzidi sentimita 35. Nguru wa urefu huo ni mtoto bado: huanza kuzaa afikapo sentimita 65 hadi 80, akiwa na umri wa miaka 2 hivi.

Hivyo basi, chama kinachopokea nguru wadogo kwa kipimo cha vibua hula mbegu yake. Kila jamii ya samaki na iwekewe kipimo chake.